Chupa Aliyoibeba Hadija

Zahara mwanangu,

Umetoka na shangazi yako kwenda kutafuta sweta, na kwa jua hili la Garsen nawaonea huruma wote wawili, maana kujaribu sweta saa nane mchana ni adhabu. Niliwaambia msiharakishe. Sikusema hivyo kwa wema. Nilitaka nyumba iwe tupu nipate kukuandikia, kwa sababu jambo nililo nalo nikikutazama usoni sitaweza kulitamka, na lazima ulisome kabla ya kisomo cha kukuaga leo magharibi.

Sitakuambia ule vizuri wala uswali kwa wakati. Hayo shangazi yako ameyasema tangu Jumapili, na ana pumzi ya kuyarudia kesho alfajiri mpaka mlangoni mwa basi. Mimi nina langu.

Kwanza niseme lililonijaa kifuani, nisije nikalisahau nikishaanza kuungama. Najivuna. Najivuna mpaka wakati mwingine naona haya. Tangu barua ya chuo ifike sijauza mkungu wa ndizi pale sokoni bila kumweleza mnunuzi kwamba binti yangu anakwenda Uholanzi. Mteja anauliza bei, mimi namjibu chuo. Juzi yule mama wa Kigiriama anayeuza kambare akanishika mbele ya watu: "Haya, Mama Zahara, kila siku anasoma, anasoma. Anasoma nini huyo?"

Nikakaa sawa. "Anasomea jinsi seli za mwilini zinavyoongea mtu akiwa na minyoo."

"Zinaongea?"

"Zinaongea."

"Kwa lugha gani, Kipokomo?"

"Na Kigiriama pia, zikikasirika," nikamjibu, na watu wakacheka mpaka wa duka la simu akatoka nje kuangalia kuna nini. Nami nilicheka, lakini sikuwaachia hapo. Niliwaeleza yote, na nadhani sikukosea sana.

Niliwaeleza kama ulivyonieleza mwezi uliopita tukichambua mchele uani. Ulisema mnyoo wa kichocho hutoka kwa konokono, akaingia kwenye ngozi ya mtu aliye majini, kisha akaenda kukaa kwenye mishipa ya damu karibu na kibofu, dume na jike wamekumbatiana, na hapo huweza kuishi miaka bila kuachana. Nikasema ndoa hiyo mimi imenishinda. Ukacheka mpaka ukamwaga ungo.

Ulisema anayemtesa mtu hasa si mnyoo mwenyewe, ni mayai yake. Mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama kwenye ukuta wa kibofu, na hapo seli zinaanza kuitana. Mdomo hazina, kwa hiyo hutoa chembe ndogo mno, ukaziita saitokini, na seli inayopokea inajua la kufanya: njoo, ongezeka, shika hapa. Zinakuja kwa wingi, zinalizunguka yai na kulijengea ukuta, na ukuta huo ndio unaokaza kibofu na kumletea mtu mateso baadaye. Niliacha mchele. Nikakuuliza, "Kwa hiyo mtu anaumizwa na askari wake mwenyewe?"

"Kwa sehemu kubwa, Mama. Ndiyo maana ziko seli nyingine ambazo kazi yao ni kuwaambia wenzao basi, tulieni."

Nikauliza kama mnyoo anayasikia mazungumzo hayo. Ukasema anayasikia, tena anapenyeza maneno yake mwenyewe katikati ili seli zipoe, asifukuzwe. Na ukasema unachokwenda kutafuta huko ni kwa nini kwa mtu mmoja lile neno la basi hufika mapema, na kwa mwingine likachelewa mpaka kibofu kikaharibika. Nilikutazama ukisema hayo, mkono umejaa mchele, nikajiambia huyu mtoto nilimzaa mimi kweli? Tangu siku hiyo, lakini, sijapata raha.

Unakumbuka mwaka jana ulipokuwa ukijaza fomu ya ufadhili? Ulinipigia simu ukanisomea ulichoandika. Kwamba ulipokuwa na miaka tisa mama yako, mkulima wa Wenje aliyeishia darasa la saba, aliona damu kwenye mkojo wako, na wakati watu wengine walisema ni kawaida yeye hakukubali, akatafuta vipimo, akakupeleka kituo cha afya. Kwamba ndipo ulipoanza kutaka kujua kinachotokea ndani ya mwili. Ulisoma kwa sauti ya kunitukuza, nami nilishika simu kwa mikono miwili. Nikasema, "Vizuri sana, mama." Leo baada ya dua mjomba wako amekuomba usimame uwasomee watu maneno hayo hayo.

Zahara, si kweli. Wewe hukudanganya, uliandika ulichokijua. Aliyedanganya ni mimi.

Utaikumbuka nyumba yetu ya Wenje. Jiko langu upande wa mto, jiko la mama yako mdogo Hadija upande wa barabara, na baba yako, Mungu amrehemu, katikati akijitia hasikii. Alimwoa Hadija ukiwa na miaka sita. Niliumia, ndiyo, lakini kilichonitia ukali zaidi ni kwamba alikuwa Morma. Sisi Wapokomo wa kingo za mto tulikuwa na maneno yetu juu ya wafugaji, nao walikuwa na yao juu yetu, na mimi nilikusanya yote nikayatua mlangoni kwa yule msichana. Nilimwita mtu wa ng'ombe. Kuongea naye sikuongea. Mjumbe ulikuwa wewe. "Mwambie mama yako mdogo mbuzi wake wanakula mahindi yangu." Unakwenda mbio, unarudi: "Amesema amesikia, atawafunga. Na amesema ugali wako unanukia vizuri." Mpaka leo sijui kama lile la ugali lilikuwa lake au ulilitia wewe. Nashuku ulilitia wewe.

Mwaka ule mto ulifurika kisha ukarudi mahali pake, ukaacha madimbwi nyuma ya mashamba. Watoto wote mlikuwa humo. Mlioga humo, mliosha vyombo humo, konokono wamejaa kwenye majani ya ukingoni na hakuna aliyewajali. Baada ya miezi kadhaa ukaniita msalani ukanionyesha damu.

Wavulana wa kwetu wakikojoa nyekundu walitaniana tu, wakisema fulani sasa ni mwanamume. Hakuna mzazi aliyeshtuka. Kwa msichana hatukuwa na neno lake, kwa hiyo nikachukua neno nililokuwa nalo. Nikasema umevunja ungo. Ilikuwa mapema, lakini nilishawahi kusikia wasichana wa miaka tisa. Nikakufundisha kujisitiri, nikakuambia usiswali wala usiguse msahafu mpaka damu ikome. Wewe ndiye uliyekuwa ukiongoza madrasa nzima kwa kusoma, na mwalimu alikuwa amekuchagua usome mbele ya wageni siku ya Maulidi. Ulilia sana. Nikakuambia ni siku chache tu.

Hazikuwa chache. Ikaisha wiki, ikaisha ya pili, ukaisha mwezi. Ulikuwa ukisema damu inakuja mwisho wa mkojo, matone matone, na inachoma. "Mama, inachoma." Nilisikia damu, sikusikia kuchoma. Maulidi yakafika, akasoma mtoto mwingine, nawe ulikaa nyuma ya nyumba ukiisoma sura ile kwa midomo bila kutoa sauti, kwa kuwa nilikukataza. Nilikuona. Nilikuwa nimesimama na ndoo mkononi, nikakuona, nikapita.

Kisha nikafanya baya zaidi. Damu isiyokoma ilinitia wazo, na wazo lenyewe nililiokota kwenye maneno ya wanawake pale mtoni. Nikafunga mlango nikakuuliza nani amekugusa. Hukulielewa swali. Nikalirudia kwa ukali. Ukasema, "Hakuna, Mama," nami nikakupiga kofi. Nilikupiga kwa kusema kweli. Sijawahi kukuuliza kama unalikumbuka kofi hilo, na ukisema umelisahau sitakuamini, maana mimi nalisikia mkononi hadi leo.

Hadija alisikia. Kuta za udongo hazifichi kitu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda shambani, naye akakuomba ukojoe kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akaipeleka kituo cha afya, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Mtu wa maabara akamwambia haoni kitu, alete mkojo wa mchana, mtoto awe ametoka kukimbia, kwa sababu mayai hutoka kwa wingi saa hizo. Labda siku ya pili yake unaikumbuka kama mchezo: mama yako mdogo anakuambia uruke kamba saa sita, jua la utosi, anakuhesabia na kukupigia makofi, kisha anakupa chupa. Haukuwa mchezo. Alikwenda tena na chupa hiyo, saa nzima nyingine kwenye mchanga wa moto, akiwa na mimba ya miezi saba.

Alasiri alikuja mlangoni mwa jiko langu. Kwa miaka mitatu na ushei hakuwa ameufikia mlango huo. Nilikuwa nasonga ugali, sikugeuka. Akasema, "Mama Zahara, mtoto iko na kichocho. Wameona mayai."

Nikamwuliza nani amemtuma kushika mkojo wa mwanangu.

Akasema, "Kwetu ng'ombe ikikojoa damu, hatusemi imekuwa kubwa. Tunasema iko mgonjwa, tunatafuta dawa." Akaweka karatasi ya kituo juu ya kinu. "Mpeleke wewe. Wewe ndiye mama." Kisha akaondoka, ameshika kiuno.

Nilikupeleka. Kwa hiyo lile la mwisho kwenye fomu yako ni kweli, nilikushika mkono nikakupeleka. Nesi alikusimamisha kando ya fimbo yenye alama, urefu wako ukaonyesha umeze vidonge vingapi, ukavimeza kwa uji na ukatapika kidogo njiani. Kabla hatujatoka nesi aliniambia, "Hongera mama. Wengi hawawaleti. Uliona mwenyewe?"

Nikasema, "Niliona mwenyewe."

Lilinitoka bila kufikiri, na lingekuwa dogo kama ningeliacha pale pale. Nililibeba nikalileta nyumbani. Nilimwambia baba yako. Niliwaambia wanawake wa mtoni, wale wale, nao wakawapeleka watoto wao, wakapimwa, wakapewa dawa, wakaja kunishukuru mimi. Nilishukuriwa mpaka nikaanza kuamini. Hadija alikuwa upande wa pili wa ua akiyasikia yote, na hakufungua mdomo. Nami nilijitia hamnazo.

Damu ilikoma, ukarudi madrasa, ukarudi kuwa wewe. Sikukuomba radhi kwa kofi wala kwa Maulidi. Nilichinja kuku nikakupa paja, nikadhani umenielewa. Siku zile niliamini mzazi akimwambia mtoto nisamehe anapungua, mtoto hatamheshimu tena. Nimepika kuku wengi katika maisha yangu, Zahara, na baba yako alikufa bila kunisikia nikimwambia samahani hata mara moja, naye alistahili walau mbili. Ukiwa huko na ukakosea, na utakosea, sema kwa mdomo. Usipike.

Mwaka jana wewe na wenzako wa chuo mlipokwenda Chara kupima watoto kichocho ulinichukua nikawapikie. Mchana mmoja ukaniita, "Mama, njoo utazame," ukanikalisha kwenye darubini. Wenzako walisimama kando wakinipisha kama mgeni wa heshima. Nilitazama nikaliona yai, la mviringo mrefu, lina mwiba mmoja mwishoni. Ukasema mwiba huo ndio unaokwaruza. Nikaondoa jicho, nawe ukadhani nimeogopa, ukanishika bega. Sikuogopa. Nilikuwa namsikia mtoto wa miaka tisa akiniambia inachoma. Na papo hapo nilikuwa nakuona wewe, umevaa koti jeupe, watoto wa Chara wamepanga foleni wanakuita daktari, na jinsi ulivyomchutamia kila mmoja na kumwuliza, "Inauma wapi? Niambie wewe mwenyewe." Sikuwahi kukufundisha hivyo. Hilo ulijifundisha mwenyewe kwa kunyimwa, na siku hiyo nilijivuna na kuona aibu kwa wakati mmoja, nikashindwa kula chakula nilichopika.

Nilitaka kukuambia tukiwa njiani kurudi. Nikaongea habari za mvua. Nilitaka kukuambia barua ya chuo ilipofika. Nikapika kuku.

Leo asubuhi nimempigia Hadija. Unajua tangu msiba wa baba yako alirudi kwa kaka zake Madogo, anauza maziwa na mbuzi, na salamu zetu hupitia kwenu watoto kama zamani. Namba nimeitoa kwenye simu yako ulipokuwa unaoga. Nisamehe na hilo.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama Zahara."

"Zahara iko salama?" Ndilo neno lake la kwanza aliposikia ni mimi.

Nikamwambia yuko salama, anaondoka kesho, kisha nikamwambia mengine yote. Fomu, kisomo, nesi, wanawake wa mtoni. Nilijiandaa kutukanwa. Nikasikia mbuzi wakilia upande wake.

"Mimi nilijua utasema siku moja," akasema. "Nilifikiri utasema mapema kidogo."

"Nisamehe, Hadija."

"Nimekasirika miaka mingi, Mama Zahara. Usifikiri sikukasirika. Ile siku ya pili, na tumbo ile, nilikaa chini njiani mara tatu. Lakini mtoto alipona. Maneno yako nimesikia. Sasa inasomea nini huko?"

Nikamweleza habari ya seli. Akasikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana kuliko ya sokoni. Mwishowe akasema, "Akirudi aangalie na mbuzi yangu. Kila mvua wako na minyoo." Tukacheka, Zahara. Mimi na Hadija, pamoja. Ningependa ungekuwa jikoni usikie.

Nikatoka hapo nikaenda ofisi ya basi. Nimembembeleza karani mpaka akachoka, na tiketi yako ya basi la kwenda kupandia ndege kupitia Malindi imebadilishwa. Kesho utapitia Hola na Madogo. Hadija atakuwa stendi, na nimeahidiwa basi litasimama kwa muda wa kutosha watu kunywa chai. Na mimi nimekata tiketi yangu, nitakusindikiza mpaka hapo. Usiwaambie watu kwamba nakusindikiza kwa mapenzi tu. Nakwenda kumwangalia mtu usoni.

Sasa nisikilize. Naogopa. Naogopa kwamba ukishasoma haya, ile sauti uliyonisomea fomu kwenye simu sitaisikia tena. Ikiwa hivyo nitaelewa. Lakini naogopa zaidi usimame leo mbele ya watu useme uongo wangu kwa mdomo wako ulio msafi, kisha uubebe mpaka Uholanzi ukidhani ni mwanzo wa elimu yako. Elimu yako haikuanzia kwangu. Ilianzia kwa mwanamke aliyekuwa hasemeshwi katika ua aliokuwa akiishi, na ambaye alimwona mtoto wa mwenzake anaumwa.

Nisamehe kwa kofi. Nisamehe kwa Maulidi. Nisamehe kwa kutokusikia pale uliposema inachoma. Nimesema, na sijapungua, au kama nimepungua nimejikuta mwepesi.

Nami sitaacha kujivuna. Aibu ni yangu na fahari ni yangu, na ya pili ni kubwa kwa mbali. Ukirudi na elimu yako nitawachosha watu wa sokoni mpaka wahame.

Uliniambia mwanzoni mwa kitabu cha utafiti huwa kuna ukurasa wa kushukuru. Jina la kwanza hapo liwe la Hadija. Na usingoje kitabu. Anza leo magharibi, nitakapokuwa nimekaa mkeka wa mbele na shangazi zako wote wananitazama. Mtaje yeye, sema alichofanya, ndipo unitaje mimi. Miaka yote niliyoishi naye nilihakikisha mke mkubwa anatangulia kupakua, anatangulia kuketi, anatangulia kushukuriwa. Leo mke mdogo atangulie.

Ni mimi mama yako, niliyekukawizia ukweli na ninayekupenda,

Mwanahawa